Turudishieni Jiko, Mbaki na Bendera

Ukiona neno "kimataifa" kwenye bango la hosteli ya wanafunzi hapa Nairobi, jua bei imepanda. Maana nyingine sijaiona, na nimeitafuta miaka miwili na miezi minne, nikiishi ghorofa ya tatu ya mojawapo ya yale majengo yaliyobanana kutoka Roysambu kuelekea Mirema. Jina la jengo sitalitaja. Ukipita huko utaona mengine kumi kama hilo, yamechorwa bendera ukutani pale langoni: Kenya, Rwanda, Nigeria, Sudan Kusini, Kongo, Burundi. Ya Somalia huchorwa mwisho, kama rangi ya samawati imebaki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na siku hizi naandika hapa na pale nikilipwa kwa makala. Kwa hivyo hakuna cheti changu ambacho mtu anaweza kukikalia. Wenzangu niliokaa nao wana pasi za wanafunzi ambazo lazima zihuishwe, na mtu mwenye karatasi ya kuhuishwa hujifunza haraka kunyamaza. Basi wacha niseme mimi.

Ninachosema ni hiki. Watu wa nchi nane hawawi majirani kwa kuchezeana ngoma mara moja kwa mwaka. Wanakuwa majirani kwa kugombania sinki. Jengo letu lilikuwa na jiko la pamoja kwenye kila ghorofa. Mwenye jengo akayatia kufuli, halafu akatuandalia Usiku wa Tamaduni, na chuo kikaja kupiga picha. Tuliibiwa, tukapewa na risiti.

Msidhani lilikuwa jiko la maana. Koili nne, mbili zikifanya kazi. Friji moja, mlango wake umefungwa kwa kamba ya kiatu. Sinki moja refu, na maji ya mtaa huo mnayajua, yanakuja siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ni ndoo na mitungi. Upande mmoja wa ghorofa vyumba vya wasichana, upande mwingine vya wanaume, jiko katikati, watu kumi na wanane. Kulikuwa na dada kutoka Bukavu aliyepika sombe, majani ya muhogo aliyonunua yakiwa yametwangwa tayari kwa mama mmoja wa Kikongo kule Githurai. Kulikuwa na ndugu wa Juba, mrefu hadi akawa anainama mlangoni, aliyesonga asida akiimba kanisa. Wasichana wawili wa Mogadishu na anjera zao za asubuhi. Dada wa Bujumbura, maharagwe kwa mawese. Jamaa wa Tanga, wali wa nazi, na kila kitu "naomba": naomba chumvi, naomba kupita, naomba nikuulize. Mnaijeria mmoja ambaye pilipili yake ilitutoa machozi sote mpaka kwenye korido. Sisi Wakenya tulikuwa watano na chakula chetu mnakijua, hakihitaji maelezo.

Hapo ndipo nilipoona Kiswahili kikifanya kazi ya kweli. Darasani tulisema Kiingereza, kwenye korido kila mtu lugha ya kwao kwa simu. Jikoni huwezi kumwambia mtu kwa ishara kwamba maji yake yanachemka na koili ni zamu yako. Ilibidi tuongee. Siku moja jamaa wa Tanga akasema hana pesa kwa sababu amemtumia bibi yake dawa. Tukamhurumia, mse wa miaka ishirini na moja tayari ana mke, tena mgonjwa. Alishangaa sana. Kwao bibi ni nyanya. Dada wa Bukavu naye alimwita Mkenya mmoja "yaya", yule Mkenya akanuna siku mbili akidhani ameitwa kijakazi. Kule kwao yaya ni ndugu mkubwa, ni heshima. Walipoelewana, jina likabaki. Mpaka leo ukienda kwa yule Mkenya utasikia watu wa mataifa manne wakimwita Yaya.

Na tuligombana, manze. Sitaki mtu asome hapa adhani ninauza picha ya asali. Tuligombana kuhusu sufuria chafu, kuhusu mayai yaliyotoweka, kuhusu nani alimaliza tokeni za umeme kwa kuchemsha maharagwe saa tatu mfululizo. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa nyama ya nguruwe. Mnaijeria alikaanga yake kwenye sufuria ya wasichana wa Mogadishu bila kujua ni ya nani. Kulilia, kurushiana maneno, mlango kubamizwa. Wiki hiyo tulikaa kikao, watu kumi na wanane tukiwa tumekalia ndoo zilizogeuzwa, na tukatoka na sheria: sufuria mbili na mwiko mmoja zipakwe rangi nyekundu ya kucha ukingoni, hizo haziguswi na nguruwe wala na mtu aliyetoka kumkata. Mnaijeria ndiye aliyenunua hiyo rangi. Ramadhani ilipofika na daku ikawa inapikwa saa kumi usiku, vyumba vilivyo karibu vililalamika, tukakaa tena. Tukakubaliana chakula kipikwe jioni, usiku ni kupasha tu, na bawaba za mlango zitiwe mafuta. Mafuta ya kupikia, ndiyo tuliyokuwa nayo.

Hizo sheria zilibandikwa ukutani kwa selotepu, zimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekilia. Zamu ya kuosha sinki, zamu ya ndoo, zamu ya kupika kwa wale tuliokuwa tunachanga. Hakuna mtu wa ofisi aliyetuandikia.

Sasa niwape mfano wa kazi iliyofanywa na karatasi hiyo. Jioni moja ilikuwa zamu ya ndugu wa Juba kupika. Saa mbili hayupo, saa tatu hayupo, simu imezimwa. Mtu huyo hakuwahi kukosa zamu. Tukatoka kumtafuta, watu sita, na tukampata kituo cha polisi, ameshikwa barabarani kwa kuwa hakuwa na pasi yake mfukoni. Ilikuwa chumbani, juu ya meza. Tuliipeleka. Alitoka saa tano usiku, na sitaeleza mazungumzo ya pale kaunta yalichukua sura gani, mnaishi Nairobi. Alijulikana hayupo kwa sababu sufuria ilikuwa tupu.

Kumbukeni tulikuwa wapi. Uwanja wa Kasarani hauko mbali na hosteli yetu. Aprili 2014 serikali iliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, ikawapeleka uwanjani humo kuchunguzwa karatasi zao. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Wale wasichana wa Mogadishu hawakuwa hata wamefika Kenya, lakini walikuwa wanajua kila kitu, shangazi yao aliwahadithia. Mtu anayeishi na hadithi kama hiyo hahitaji bendera yake ichorwe langoni. Anahitaji mtu ambaye ataona kwamba leo hajala.

Basi jiko likafungwa vipi? Lilianza na harufu. Mkenya mmoja wa ghorofa ya pili, sikumjua vizuri na sitaki kumjua, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji kwamba "hawa watu" wanapika samaki wa kunuka. Alikuwa anasema makayabu, samaki wa chumvi wa Kikongo. Mkenya, jamani. Mtu aliyekulia kwenye omena iliyoanikwa juu ya mabati. Wengine wakamuunga mkono, mwenye jengo akapata alichokuwa anakitafuta. Tangazo likaja: kwa sababu za usalama na gharama ya umeme, majiko yote yamefungwa, na "kwa manufaa ya wakazi wetu wa kimataifa" kutakuwa na kantini ghorofa ya chini. Kantini iliendeshwa na shemeji yake. Nimeambiwa nisilitaje hilo kwa kuwa si kosa kisheria. Nalitaja.

Hesabu ni rahisi. Sisi wanne tuliokuwa tunachanga tulitoa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mwezi, tukala jioni zote na kubakisha kiporo cha asubuhi. Kantini, wali na maharagwe ni 150 kwa sahani. Mara mbili kwa siku, siku thelathini, ni 9,000. Ukikutwa na koili chumbani faini ni 2,000 na koili inachukuliwa. Ukikutwa na meko, unafukuzwa na depoziti inabaki. Dada wa Bujumbura, ambaye familia yake ilimtumia pesa kwa vipindi, kuanzia tarehe ishirini ya kila mwezi alikuwa anakula mandazi mawili na chai ya rangi. Alikonda mbele ya macho yetu, na alikuwa akicheka mtu akimuuliza.

Juu ya hayo kuna kodi. Kitanda changu kilikuwa shilingi 14,000. Kitanda cha pili chumbani humo humo, godoro lile lile, dirisha lile lile linaloangalia ukuta wa jirani, kilikuwa dola 150 kwa sababu aliyekilalia alikuwa na pasipoti ya Sudan Kusini. Hizo ni zaidi ya shilingi 19,000. Niliuliza ofisini tofauti inalipia nini. Nikaambiwa, huduma za kimataifa. Nikauliza zipi. Nikaonyeshwa picha za Usiku wa Tamaduni.

Halafu tunawaita wageni. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Rwanda na Burundi wamekuwemo tangu 2007. Ukimwondoa Mnaijeria, jikoni kwetu hapakuwa na mgeni hata mmoja kwa mujibu wa karatasi ambazo marais wetu wanapigwa picha wakizitia sahihi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zisibague raia wa wenzao kwa sababu ya uraia wao. Mwenye hosteli atasema hiyo ni ya serikali, yeye ni mfanyabiashara. Sawa. Basi asichore nembo ya Jumuiya kwenye brosha yake.

Nirudi kwenye huo Usiku wenyewe, maana bado unanichoma. Ulifanyika wiki ya saba baada ya kufuli. Tangazo lilisema kila taifa lilete chakula chake cha asili, kiwe moto, kiwekwe kwenye meza yenye bendera yake. Soma tena. Watu wamefungiwa jiko, wamepigwa faini kwa kuwa na koili, kisha wanaambiwa wapike chakula cha kwao kwa ajili ya wageni wa heshima. Hakuna mtu ofisini aliyeona shida. Wasichana wa Mogadishu walienda Eastleigh kununua. Jamaa wa Tanga alikodi jiko la mama mboga kwa saa mbili. Dada wa Bujumbura hakuwa na kitu. Alinunua chipsi za 100 kwa kibanda cha nje, akazimwaga kwenye sinia, akachomeka kibendera cha Burundi juu yake, akasimama nyuma ya meza na uso ambao sitausahau. Mgeni kutoka chuoni alionja akasema, ati, anapenda ladha ya Burundi. Picha hiyo ilitumika kwenye tangazo la muhula uliofuata. Bado ipo.

Dada wa Bukavu alipewa dakika tatu za kucheza. Alisema hajui kucheza, anasomea famasia. Akaambiwa Wakongo wote wanajua kucheza.

Kuna mtu ananisoma sasa hivi akisema ninatia chumvi, kwamba tamaduni si kitu kibaya, vijana wafurahi. Wafurahi. Mimi mwenyewe nilikula zile sambusa. Lakini angalia nani anaamua. Jikoni, dada wa Bukavu aliamua mwenyewe lini yeye ni Mkongo, lini ni Mkristo, lini ni mtu aliyechoka anayetaka kupika indomi alale. Jukwaani aliamuliwa, na walioamua ndio waliomfungia jiko.

Tena hizi nyumba za wanafunzi wa mataifa mbalimbali hazikuanza kama sherehe. Yaani hata huko Marekani walikonakili jina. Mwaka 1909, kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia pale New York, Harry Edmonds, mfanyakazi wa YMCA, alimsalimu mwanafunzi mmoja kutoka China. Yule mwanafunzi akamwambia amekuwa mjini wiki tatu na huyo ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Edmonds alianza kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni nyumbani kwake, wale na kuongea, na hatimaye International House ikafunguliwa mwaka 1924 kwa pesa za John D. Rockefeller Mdogo. Angalieni hapo mwanzo kulikuwa na nini. Mtu mpweke na meza ya chakula.

Walipotaka kujenga ya pili huko Berkeley, California, walichagua makusudi Piedmont Avenue, mtaa wa nyumba za vyama vya wanafunzi ambavyo havikupokea wageni wala watu weusi. Mnajua nani alikuja juu? Malandilodi. Waliogopa mtaa utajaa Waasia na Waafrika na thamani ya nyumba zao ishuke. Watu zaidi ya 800 walikusanyika kupinga wazo la watu wa rangi tofauti kuishi chini ya paa moja, na Delilah Beasley, mwanahabari mweusi, akasimama mbele yao kulitetea. Nyumba ilifunguliwa mwaka 1930, wanaume na wanawake, rangi zote. Malandilodi wa Berkeley walipinga neno hilo kwa sababu waliona litawapunguzia kodi. Wa Nairobi wamegundua linaiongeza.

Hata hapa kwetu tulikuwa na yetu. Kati ya 1963 na 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kikuu kimoja, matawi yakiwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Nyerere ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Mkenya aliyetaka kusomea sheria alipanda basi akaenda Dar. Mganda wa uhandisi alikuja Nairobi. Walikaa bweni moja bila kulipishana kwa dola. Huko Dar, Yoweri Museveni aliongoza kundi la wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, John Garang wa Sudan akawa nao, na Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa mwalimu waliyebishana naye hadi usiku. Sisemi kila aliyetoka humo alitenda mema alipopata bunduki au ikulu, Waganda wana lao la kusema. Ninachosema ni kwamba walikaa pamoja na kuzungumza mambo mazito, hadi Novemba 1970 serikali ya Tanzania ikalipiga marufuku kundi hilo na jarida lao, Cheche. Serikali hiyo hiyo iliyowapenda.

Kanuni ya kumi na moja ya hosteli yetu ilisema: hakuna siasa, hakuna mikutano ya zaidi ya watu watano bila idhini. Tulipokalia ndoo kumi na nane kujadili sufuria, tulikuwa tunavunja kanuni. Nadhani hilo, kuliko harufu na kuliko umeme, ndilo lililomtia mwenye jengo wasiwasi. Watu wanaoweza kupanga zamu ya sinki wanaweza kupanga kuuliza kuhusu dola.

Na waliuliza. Mwezi mmoja kabla ya kufuli, kikao cha jikoni kiliandika barua kuhusu kodi za aina mbili. Watu thelathini na mmoja walitia sahihi, kutoka ghorofa tatu. Haikujibiwa. Ilijibiwa na fundi aliyekuja na kufuli.

Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia zote. Jiko ni chafu. Kweli, lilikuwa chafu Jumatatu, Jumanne likaoshwa na aliyekuwa zamu. Gesi ni hatari. Hatukuwa na gesi, tulikuwa na koili za ukutani, na leo kuna watu wanapika kwa meko chini ya kitanda wakiwa wamefunga dirisha ili harufu isitoke. Nambieni ipi ni hatari. Hoja ya tatu huwa inasemwa kwa upole, na ndiyo mbaya kuliko zote: si kila mtu akae na watu wake tu, kuwe na amani? Basi mmeipata. Miezi minane baada ya kufuli, Wakongo walikuwa wamehamia Githurai, wasichana wa Mogadishu Eastleigh, ndugu wa Juba kwa binamu zake, sita ndani ya chumba kimoja. Ghorofa ya tatu tulibaki Wakenya, na yule Mnaijeria ambaye hakuwa na pa kwenda. Bendera zilipakwa rangi upya langoni.

Kabla hawajahama, kijana mmoja wa ghorofa ya nne, Mrwanda, alilala na malaria siku tatu chumbani. Mwenzake wa chumba alikuwa amesafiri. Keateka ndiye aliyegonga, na aligonga akidai kodi. Kijana alipona, Mungu ni mwema. Lakini siku tatu, kwenye jengo la watu zaidi ya sabini. Wakati wa jiko asingemaliza hata jioni moja, zamu yake ingemfichua.

Na sisi Wakenya tujiangalie. Binamu yangu anasoma Ujerumani. Anaishi nyumba ya wanafunzi, watu saba jiko moja, kila mmoja na rafu yake kwenye friji. Jirani yake alipolalamika kuhusu harufu ya matumbo, binamu alipiga video dakika tatu akieleza ubaguzi ni nini, na familia yote tukaituma kila mahali, shangazi zangu wakaweka emoji za hasira. Nilikuwa pamoja nao. Basi dada wa Bukavu apige video yake wapi? Nani ataituma? Tunajua kabisa uchungu wa kuambiwa chakula chako kinanuka, tunauelezea vizuri, kwa lugha tatu, mradi tuko ng'ambo.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya neno "binafsi". Hosteli hizi zinapendekezwa na ofisi zenu za wanafunzi wa kigeni, orodha mnawapa wenyewe wiki ya kuripoti, na mnakuja kuonja chipsi. Mnaweza kuliondoa jengo kwenye orodha kwa barua ya mistari miwili. Sharti ni dogo: bei moja kwa kitanda kimoja, mkataba ulioandikwa, kamati ya wakazi ambayo mwenye pasi ya mwanafunzi anaweza kuchaguliwa bila kuulizwa uraia, na jiko linalofunguka kila ghorofa. Usiku wa Tamaduni endeleeni nao. Watu wakiwa na mahali pa kupikia hata chakula kitakuwa kizuri.

Wanafunzi wapya wanaanza kuripoti Septemba. Kama wewe ni mmoja wao, au una ndugu anayetoka Goma, Kigali, Juba au Kisumu kuja kutafuta kitanda kando ya Thika Road, watakuonyesha kwanza waifai, kisha ukuta wa bendera, kisha paa lenye mandhari. Mwambie keateka akupeleke jikoni. Akisema ufunguo uko ofisini, ngoja auchukue. Akifungua, mwambie awashe koili, usubiri pale pale mpaka iwe nyekundu, ndipo utoe simu ulipe depoziti.